Mabibo yanaozea shambani na sisi tunalilia nishati ya kupikia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee mabibo, lile tunda la mkorosho ambalo sisi huku Newala tunalikanyaga kila msimu kama vile ni takataka.

Kuanzia mwezi wa kumi ukipita shambani asubuhi harufu inakupokea kabla hujaona kitu, tamu iliyochanganyika na uchachu, nzi na nyuki wamejaa, maana mtu akiokota ananyofoa korosho anatia kwenye ndoo, bibo anatupa hapohapo, na bibo likishaanguka siku moja au mbili limekwisha, linatoa povu lenyewe chini ya mti. Sasa hilo povu ndio habari yangu. Zile ni hamira za asili zinazokaa kwenye ngozi ya tunda, zinakula sukari na kutoa ethanoli, yani spiriti, pamoja na gesi. Kazi ambayo wenzetu wanaijengea kiwanda huku kwetu inafanyika bure mchangani halafu yote inapotea.

Watu wengi wakisikia habari ya mafuta yanayotokana na mabaki ya shamba mawazo yao yanaenda kwenye mabua ya mahindi na majani ya mpunga. Inawezekana kweli ila ni kazi ngumu sana, na waliojaribu wana hela kuliko sisi. Marekani kampuni ya DuPont ilifungua kiwanda kikubwa cha kutengeneza ethanoli ya mabua huko Iowa mwaka 2015, mwaka 2017 wakakifunga. Romania kampuni ya Clariant ilijenga cha majani ya ngano, nacho kikasimama mwishoni mwa 2023. Shida ni kwamba sukari ya kwenye bua imefungiwa ndani ya nyuzi ngumu, lazima kwanza uipige mvuke au asidi, kisha utie vimeng'enya vya kuikatakata, na hata ikishatoka kuna sehemu yake ambayo hamira ya kawaida haiigusi. Bua lenyewe linakuja na mchanga, linaharibu mashine. Mimi sisemi wasiendelee kutafuta, ila nashangaa sisi tunaotaka kuanza kwa nini tuanzie pale wakubwa walipokwama, wakati bibo sukari yake ipo wazi ndani ya maji, karibu asilimia 10 ya ile juisi, hamira inaingia na kuanza kula siku hiyohiyo.

Msimu uliopita nilijaribu mwenyewe nyumbani. Nilichukua kilo 20 za mabibo, mekundu kwa ya njano, tukayaponda kwenye kinu na mke wangu, tukachuja kwa kipande cha chandarua kisafi, ikapatikana juisi kama lita 12. Juisi ya mabibo inakwangua koo, kila aliyekula bibo anajua, ni ule ukakasi, tukatia uji mwepesi wa wanga wa muhogo kidogo tukaacha usiku kucha, asubuhi uchafu wote umeshuka chini na juu imebaki nyeupe inaonekana mpaka upande wa pili. Nikatia kijiko cha hamira ya mkate, nikafunga dumu vizuri hewa isiingie maana ikiingia inageuka siki, nikatoboa kifuniko nikapitisha mpira mwembamba hadi kwenye chupa ya maji ili gesi itoke. Usiku ule tulilala tunasikia chupa inagugumia sebuleni. Siku ya tatu ikapungua, ya nne kimya.

Nilimkumbuka sana shangazi yangu. Yeye alikuwa anachachusha uraka, ile pombe ya juisi ya mabibo, na kupika nipa, pombe kali inayotoneshwa kutoka humo, na ndio iliyotusomesha watoto wa ile nyumba, hilo siwezi kulificha. Hakuwa na kipimo chochote, alikuwa anaweka sikio kwenye mtungi, ukimuuliza anakwambia "mwanangu bado inaongea, iache". Siku moja walikuja askari wakamwaga mitungi yote uwanjani na yeye wakaondoka naye.

Kwa hiyo dumu langu liliponyamaza na mimi nikaishia hapo, maana hatua inayofuata ni kutonesha, kuchemsha spiriti itangulie maji kwa kuwa yenyewe inachemka kwenye nyuzi 78, na kutonesha bila leseni ni kosa. Nilienda ofisi moja kuuliza leseni ya kutengeneza spiriti ya jiko wakanipeleka ofisi nyingine, ile nyingine wakaniuliza kama nataka kufungua kiwanda cha pombe, nikasema hapana nataka moto wa kupikia, wakasema hiyo hawana fomu yake. Nikarudi na daladala la jioni.

Mhariri, mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Mimi nalikubali hilo kwa moyo wote kwa sababu moshi umemmaliza macho mama yangu. Lakini kila tukikaa kwenye mkutano tunaambiwa gesi ya mtungi, na mtungi huku kijijini ukiisha unaweza kukaa wiki unasubiri gari. Spiriti inapikia vizuri, haina masizi, na jiko la spiriti halidai iwe kavu kabisa kama ya kuchanganya na petroli. Ya gari lazima uitoe maji yote na hapo ndipo gharama inapopanda, ya jiko ukifika asilimia 90 hivi inawaka bila shida. Ndio maana nasema tusianze na magari.

Hesabu zangu ni hizi. Zile lita 12 zangu zisingezidi robo tatu ya lita ya spiriti safi, ni kidogo nakubali. Lakini msimu wa 2017/2018 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 300,000 za korosho, na uzito wa bibo hata ukiweka mara tano tu ya korosho yake inakuja tani milioni moja na nusu za mabibo. Chukua sehemu moja ya kumi tu, zile za karibu na barabara na maghala ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kila tani ukiipa lita 30, unapata lita milioni nne na nusu, kutoka kwenye kitu ambacho leo hakina bei.

Kuna watu wataniuliza kuni za kutoneshea zitatoka wapi, na ni swali zuri kwa sababu ukikata mti ili upate spiriti umefanya kazi bure. Jibu liko kwenye machicha. Yale machicha ya mabibo na maji yanayobaki baada ya kutonesha ukiyatia kwenye mtambo wa bayogesi bakteria wanayamalizia, na gesi yake ndio inachemsha mtambo wa spiriti. Sio ndoto hiyo, kule Hale mkoani Tanga walishatoa umeme kwa bayogesi ya mabaki ya mkonge.

Wengine watasema msimu ni miezi mitatu tu mtambo utalala. Kochoko je? Mabibo yaliyokaushwa yanakaa miezi, wapika nipa wanajua siku nyingi, unayaloweka na unaendelea na kazi hadi masika.

Na hofu ya watu kuinywa naielewa, nimeshazika jirani kwa pombe ya kienyeji. Spiriti ya jiko inatiwa dawa chungu sana na rangi hapohapo inapotoka kwenye mtambo, inakuwa vigumu sana mtu kuimeza, nchi nyingi wanafanya hivyo. Tatizo hilo lina dawa.

Ninachoomba kwa wahusika wa nishati na kilimo ni leseni ndogo ya spiriti ya kupikia kwa vikundi vya AMCOS, yenye ukaguzi, na mtambo mmoja wa majaribio. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wapo hapo Mtwara, mabibo wanayajua, waambiwe wakae na wale kina mama waliokuwa wanafukuzwa na askari, kwa sababu ujuzi wa kuchachusha wanao tayari. Mwezi wa kumi hauko mbali, basi atujibu mtu kabla haujafika, tuende ofisi gani tukachukue hiyo fomu.

Wako,
Mkulima wa korosho, Newala