Tutengeeni kiwanja cha mbwa, hata nyie msiowapenda mtapumua

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji maana hili jambo nimelibeba muda mrefu na kila nikilianzisha nyumbani naambiwa hebu achana na mambo ya mbwa wewe. Mi nafuga mbwa mjini, naishi ghorofa ya tatu, mbwa mmoja tu anaitwa Bobi, na kabla hujanicheka jua kwamba tuko wengi ila tumenyamaza, kwasababu kwenye lugha yetu hii ukimwita mtu mbwa ushamtukana tayari, kwaiyo kusimama mbele za watu ukadai kiwanja cha mbwa inabidi uwe na ngozi ngumu.

Nianze na aibu yangu. Wiki chache zilizopita nilimpeleka Bobi kwenye bustani ya wazi jioni, ile ya kila mtu, haina uzio wala nini, nikaangalia huku na huku nikaona hamna watu nikamfungua kamba akimbie kidogo maana siku nzima alikua ndani. Kumbe nyuma ya miti kuna bibi mmoja na mjukuu wake. Mtoto alipomwona mbwa akatimua mbio, na mbwa akiona kitu kinakimbia basi kwake huo ni mchezo umeanza, akamfuata, mi naita Bobi Bobi kama kichaa wala hanisikii, bibi akataka kumuwahi mtoto akajikwaa akaanguka. Hakuumia sana namshukuru Mungu, kiwiko tu kilichubuka. Nikamwamkia, nikaomba radhi, nikaanza na ule wimbo wetu wote wafuga mbwa tunaoujua, "bibi usiogope haumi huyu, anacheza tu". Akaniangalia akasema, "Mwanangu, huyo unamjua wewe, mi simjui." Basi. Hakunitukana, na kwakweli nilitamani anitukane.

Tangu siku ile nimekua nikifikiria kwamba tumekua tukiliomba hili jambo kichwa chini miguu juu. Tunaomba eneo la mbwa kama vile ni starehe ya mbwa, watu wanatuona tumelewa, watoto hawana pa kuchezea nyie mnataka pa mbwa. Wakati uzio wa kiwanja hicho ni wa kumlinda yule bibi. Mbwa akishakua na kwake pa kukimbilia, hamna sababu ya mtu yeyote kumfungua kamba kwenye bustani ya watu, na ukimkuta mtu kamfungua unamuuliza vizuri tu, kiwanja si kile pale? Hana jibu. Leo hii ukiniuliza mi nimpeleke wapi, nami sina jibu, ndo maana tunaibia ibia jioni jioni.

Na sio kitu cha ajabu wala kipya. Kule Marekani, mji wa Berkeley, California, wana kiwanja cha mbwa kinaitwa Ohlone tangu mwaka 1979, na hakihitaji ufundi mkubwa kuelewa kinavyofanya kazi. Kipande cha ardhi, uzio usiorukika, na mageti mawili. Hapo kwenye mageti mawili naomba mnielewe maana ndo roho ya kitu chenyewe. Unaingia geti la kwanza unalifunga nyuma yako, unakua kwenye kichumba kidogo hivi, hapo ndo unamvua mbwa kamba, alafu unafungua la pili anaingia uwanjani. Mtu akisahau kufunga moja lingine linamkingia. Na kamba unamvua palepale kabla hajaingia, sio ukishafika katikati, kwasababu mbwa aliyefungwa akizungukwa na wenzake walio huru anajiona hana pa kukimbilia na hapo ndo ugomvi unapoanzia, wengi wetu hatujui tunadhani kumshika kamba ndo usalama. Ukiweza kugawa upande wa mbwa wakubwa na upande wa vidogo umemaliza kesi nusu. Kivuli, bomba la maji, pipa la taka lenye mfuniko, na pale getini mwageni kokoto ndogo maana nyasi za getini hazidumu hata mwezi. Sijaomba swimingipulu.

Maji yenyewe kila mtu aje na bakuli lake. Yale maji yaliyotuama kwenye beseni la wote yanaweza kua na mikojo ya panya na humo kukawa na ugonjwa wa leptospirosi, unaua mbwa na binadamu unampata pia.

Sasa tuje kwenye kinyesi, na hapa nawageukia wafuga mbwa wenzangu, msinikasirikie. Sisi ndo tunajiharibia. Unamwona mtu kavaa vizuri, mbwa kaogeshwa ananukia, mbwa akijisaidia mwenye mbwa anaangalia simu ghafla kama kapokea meseji ya ikulu, akimaliza wanaondoka. Alafu mtu huyohuyo anataka apewe kiwanja. New York walitunga sheria ya kuokota mwaka 1978, mwenye mbwa aokote au alipe faini, na mwanzoni watu walibisha sana lakini leo ni kitu cha kawaida unatembea na mfuko mfukoni. Na kuna sababu zaidi ya harufu na kiatu. Mbwa mwenye minyoo anatoa mayai kwenye kinyesi, yale mayai yakitoka siku hiyohiyo hayaambukizi, yanahitaji kama wiki mbili au zaidi yaive kwenye udongo, ila yakishaiva yanakaa miaka. Mtoto anachezea mchanga anaweka kidole mdomoni, minyoo wale wanatembea mwilini mpaka wengine wanafika kwenye jicho. Kwaiyo ukiokota palepale umekata mnyororo mzima, dakika moja tu, kimfuko tu. Mvua haisafishi, inasambaza. Mi binafsi naokota, na siku ambayo nimesahau mifuko narudi nyumbani kuichukua, ndio, ghorofa tatu kupanda na kushuka, mke wangu ananicheka dirishani.

Haya, huduma. Mjini huduma za mbwa zipo ila zimekaa vichekesho. Pa kumkata mbwa kucha, pa kumuosha na shampuu, pa kumnunulia kisweta, unapata. Ila ngoja mbwa aumwe usiku. Mwaka jana Bobi alikula chokoleti, ile nyeusi chungu, tuliiacha mezani tukaenda kulala, saa sita usiku namkuta anatapatapa moyo unamwenda mbio. Chokoleti ina kitu kinaitwa theobromini, binadamu tunakisaga haraka mwilini mbwa anakisaga polepole sana, na kadiri chokoleti ilivyo nyeusi ndo sumu inavyozidi. Dokta akimuwahi ndani ya masaa mawili hivi anaweza kumtapisha, ukichelewa unabaki kupambana na dalili. Napiga namba iliyobandikwa kwenye bango moja la dokta wa mifugo, haipatikani. Ya pili inaita mpaka inakata. Ya tatu kapokea mtu ananiambia we unapiga simu kwa ajili ya mbwa saa hizi? Mpaka nikampata dokta mmoja mstaafu kwa kuelekezwa na mlinzi, mlinzi Mhariri, sio ofisi wala bango, mlinzi. Bobi alipona. Lakini mji mzima unategemea mlinzi ajue dokta yuko wapi?

Ninachotaka ni karatasi moja tu. Madaktari wa mifugo walipo, nani anafungua usiku, chanjo inapatikana wapi na siku gani, nani anasoma chipu, mbwa aliyepotea anapelekwa wapi. Hiyo ya chipu watu wanaichanganya, wanadhani ukimwekea mbwa chipu utamwona kwenye simu yuko wapi. Hapana. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele kinawekwa chini ya ngozi, hakina betri, ndani yake kuna namba tu, tarakimu 15, mpaka mtu apitishe mashine ndo isomeke. Kwaiyo kama hamna anayejulikana ana hiyo mashine na namba yako ya simu uliibadilisha bila kusema, chipu umeibeba bure.

Kuhusu chanjo naongea kwa ukali kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu ni kifo, karibu kila mara, na Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya wanaokipata wamekipata kwa mbwa. Wakati huohuo chanjo ya huu ugonjwa alianza kuitumia mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur kwa binadamu mwaka 1885! Na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa pa kupita. Sio mbwa wote, 70 tu. Kiwanja cha mbwa kingetusaidia hapa pia, getini pale unaonyesha kadi ya chanjo, hauna kadi hauingii. Na akikuuma mbwa yeyote hata wa jirani unayemjua, osha kidonda na maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, sio kumwagia tu, alafu moja kwa moja hospitali wakuchome chanjo, usingoje uone mbwa atakuaje.

Watoto wa mbwa wasipelekwe kiwanjani mpaka wamalize dozi, ya mwisho inakua kwenye wiki ya 16 au zaidi, kuna kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi na miezi na kitoto kikikipata kinaharisha damu. Ila msiwafungie ndani kabisa pia, wabebeni mikononi waone watu, baiskeli, makelele, kwasababu mbwa anazoea dunia kwenye wiki za tatu mpaka kumi na nne hivi na akizikosa ndo unapata yule mbwa anayebwekea kila kofia.

Kuhusu treina, yaani wanaofundisha mbwa, na hosteli za mbwa mtu akisafiri sina mengi, zipo nzuri zipo za wababaishaji, nenda kaangalie mwenyewe kabla ya kumwacha mnyama wako, ukikatazwa kuona anapolala ondoka naye.

Nilitaka kusahau jua. Naona watu wanawatoa mbwa saa saba mchana kwenye lami. Weka kiganja upande wa nyuma kwenye hiyo lami sekunde saba, ukishindwa basi na yeye anaungua, hana viatu. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na hawa wa pua bapa kama buldogi hata kuhema kwenyewe ni kazi. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, likifika 41 huyo ni wa kukimbiza kwa dokta huku unamlowesha maji. Na kumwacha kwenye gari madirisha yamefungwa eti naingia dukani mara moja, jamani. Toka alfajiri au jua likizama, hapo ndo nilikua nataka kusema kwamba kiwanja kiwe na taa.

Wakubwa wa mji mkisoma hii, eneo sio lazima liwe zuri. Vile vipande vya ardhi vya pembeni ya barabara vinavyoota majani na kutupiwa taka, chini ya nyaya za umeme huko, vinatosha, mbwa hachagui mandhari. Uzio tutachangishana wenyewe, tayari tupo kumi na kitu tunaoonana kila alfajiri tunajuana kwa majina ya mbwa sio majina yetu, mi hapo naitwa baba Bobi.

Na wewe Mhariri nina ombi dogo. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, ni tarehe aliyofariki Pasteur. Siku hiyo tuchapishieni ile karatasi, nusu ukurasa tu, madaktari na namba zao zinazopokelewa, mi nitazipiga zote mwenyewe usiku kuhakikisha kabla hamjachapisha.

Bibi wa kiwiko kama unasoma gazeti hili, Bobi siku hizi bustanini hafunguliwi kamba. Mlete mjukuu acheze.

Baba Bobi,
ghorofa ya tatu