Ndege wa mkosi nimemwona

Kampala,
Jumapili jioni.

Mpendwa Zaituni,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ila mgongo unanisumbua kwa kuketi ndani ya mtumbwi asubuhi nzima kama gunia la mihogo. Jana nilikwenda Mabamba.

Si ulinicheka kwamba miaka yote hii Uganda ndege ninaowajua ni kaloli tu, wale korongo wa majalalani? Basi nilidandia taksi (ndiyo daladala yenu) hadi Entebbe, nikateremka mwalo wa Nakiwogo. Boti haing'oki mpaka ijae, tukasubiri pamoja na kuku na magodoro ya watu. Ng'ambo, Buwaya, nikachukua boda. Kumbe jiji letu lina kinamasi mlangoni! Mafunjo mpaka macho yanachoka, hekta 2,424, na tangu 2006 kimo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zinazothaminiwa duniani.

Mzee mmoja akanichukua kwa mtumbwi, akisukuma kwa upondo kwenye vijia vyembamba vya maji. Tulikuwa tunamtafuta bulwe, yule ndege wa kijivu mwenye domo kama kiatu cha mbao. Nilijua ni mkubwa, lakini Zaituni, anasimama kama mtoto wa darasa la kwanza! Mzee akaniambia zamani wavuvi wakimwona asubuhi waligeuza mitumbwi wakarudi nyumbani, maana siku hiyo samaki hakuna. Wengine walimuua kabisa kuondoa mkosi. Leo wavuvi haohao ndio wanaowapeleka wageni kumtazama, na asipoonekana ndiyo wanaona siku imeharibika.

Tulimpata ukingoni mwa maji, ametulia. Na akaendelea kutulia. Nilimpiga picha zaidi ya 30, zote ni moja. Nikaanza kudhani wamemchonga wakamsimika pale kwa ajili ya watalii. Jua likapanda, kofia nimeisahau nyumbani, nikatoa rolex yangu nile (chapati iliyoviringishwa na mayai, usije ukafikiri ni saa).

Mzee hakuwa na haraka. Alinieleza kwamba ndege anamsubiri kamongo, samaki huyohuyo wa ziwa lenu. Kamongo ana mapafu, lazima apande juu kuvuta hewa, na bulwe anajua. Hamfukuzi, anamngoja tu ashikwe na haja ya kupumua. Nikamuuliza kama yeye naye humla. Akashtuka. Kwa Waganda kamongo ni mmamba, nao ndio mwiko wa ukoo wake, haingii jikoni kwao.

Nikiwa na tonge mdomoni, yule ndege akaanguka. Sina neno lingine: alijitupa mzimamzima, mabawa, kichwa, vyote majini. Alipoinuka domo limejaa majani na matope, na katikati yake mkia unapinda. Akayatema majani polepole, kisha akameza. Picha? Sina hata moja, simu ilikuwa mapajani chini ya chapati.

Nikamgeukia mzee. Alikuwa ametazama pembeni.

"Ndugu yangu huyo," akasema, akachukua upondo wake tukaondoka.

Ukija Desemba nitakupeleka. Beba kofia mbili.

Wako,
Hadija