Kabla hujakanyaga barafu ya Mille Lacs

Duluth, Jumanne usiku

Ndugu yangu Masanja,

Salamu nyingi. Huku wazima sote, baridi tu ndiyo imetukaba koo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. La mchango wa Mama Neema nitakujibu, usiwe na shaka, lakini kwanza hili la Jumamosi. Unasema wenzako wa kazini wanakupeleka Mille Lacs, lile ziwa kubwa la hapa Minnesota, Marekani, kuvua juu ya barafu, na unauliza ubebe nini. Mimi nauliza: barafu ina unene gani, na nani kaipima?

Wewe mtoto wa Ukerewe, maji huyaogopi, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Ziwa la kwenu likikasirika linakuonyesha: upepo, mawimbi, wingu jeusi upande wa mashariki. Barafu haikuonyeshi kitu. Kote ni nyeupe, tambarare kama sakafu, kumbe hapa pana inchi 14 na hatua thelathini mbele pana inchi 3, kwa sababu kijito kinaingia pale, au chemchemi inabubujika chini, au mtu mwenye gati ameweka mashine ya kupuliza hewa majini ili nguzo zake zisibanwe.

Mwongozo wa idara ya maliasili ya Minnesota ni huu: chini ya inchi 4, usikanyage kabisa. Inchi 4 humbeba mtu anayetembea. Gari dogo linataka 9 hadi 10, pikapu ya kawaida kama 13. Hesabu hizo ni za barafu mpya iliyo angavu, ile inayoonekana nyeusi kwa kuwa unayaona maji chini yake. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda, nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo zidisha hesabu mara mbili. Na usidhani theluji nyingi ni dalili ya barafu nene. Theluji ni blanketi, inazuia baridi isishuke. Tena ina uzito: inaididimiza barafu mpaka maji yanapanda kwenye nyufa, na unajikuta umezama hadi kifundoni kwenye uji wa theluji.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kubeba ni mtaimbo. Mmoja atangulie, kila hatua chache apige mbele yake kwa nguvu, mara mbili. Mtaimbo ukipenya, mgeuke na kurudi kwa nyayo zenu zilezile. Kila mita 40 au 50 toboeni tundu mpime kwa rula. Nyayo za watu waliopita jana zisikudanganye, maana jana si leo. Mwishoni mwa Novemba 2022 kule ziwa la Upper Red Lake kipande cha barafu kilimeguka kikaelea na wavuvi wapatao 200. Waliokolewa wote. Sasa ni Januari, barafu imekomaa, najua utaniambia hivyo. Lakini Mille Lacs ni ziwa pana, upepo hulipasua hata katikati ya msimu. Wenye kambi za kando ya ziwa hutandika madaraja ya kubebeka juu ya nyufa na kutoza ada ya barabara. Lipeni hiyo ada, mpite kwenye njia yao.

Mngurumo hautakudhuru. Jioni barafu ikitanuka na kusinyaa hulia kama waya wa umeme uliokatika, mlio unakimbia chini ya miguu yako toka upande huu hadi ule. Huo ni wa kawaida.

Garini mkiwa juu ya barafu, fungueni mikanda na kuteremsha vioo, mwendo usizidi maili 15 kwa saa. Gari likikimbia husukuma wimbi chini ya barafu, na wimbi hilo likifika penye kina kifupi karibu na ufuko, barafu hupasuka.

Shingoni ning'iniza misumari ya kujiokolea: vishikio viwili vya mbao, kila kimoja na msumari mkali, vimeunganishwa kwa kamba. Ukitumbukia, pumzi itakukatika. Dakika ya kwanza usifanye lolote ila kuituliza. Baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii. Geukia ulikotoka, maana barafu ile ndiyo iliyokubeba. Piga miguu mwili ulale juu ya maji, kita misumari, jivute. Ukishatoka usisimame! Biringika mpaka ufike penye barafu nene.

La pili ni hema mtakalovulia. Watawasha jiko la gesi ndani, na wazazi wetu walitukataza kulala na jiko la mkaa chumbani. Sumu ni ileile. Tundu moja la hewa liwe wazi juu na jingine chini, theluji isizibe pande zote, na king'ora cha kaboni monoksidi, hiyo sumu yenyewe, kiwepo. Kichwa kikianza kuuma, toka nje papo hapo.

Haya, samaki. Mnamfuata woleye, yule wa macho yanayong'aa gizani kama ya paka. Yeye huamka jua likikaribia kuzama, kwa hiyo matundu yatobolewe mapema, keekee ya inchi 8 inatosha, kelele ziishe. Kupima kina, fungia chubwi, kile kizito cha kuzamisha, kwenye ndoana, ishushe iguse chini, kisha funga chelezo ili chambo kikae kama sentimita 30 juu ya tope. Maji ya chini kabisa ndiyo yenye joto afadhali, karibu nyuzi 4, na samaki wapo huko. Minnesota inakuruhusu mishipi miwili: mmoja uuchezeshe mkononi, wa pili ukae kimya na dagaa hai aliyetungwa chini ya pezi la mgongoni. Katikati ya baridi woleye hamezi kwa pupa. Chelezo kitazama taratibu; subiri kidogo, ndipo uinue. Tundu lichote barafu kila baada ya dakika chache kwa upawa wenye matundu, la sivyo linajifunga na ukingo wake unakata mshipi. Samaki wa kurudisha usimlaze kwenye theluji: macho na matamvua huganda.

Leseni kata kabla ya kuondoka, na soma kanuni za Mille Lacs zenyewe, zinabadilika msimu hadi msimu. Nguo za pamba acha nyumbani, vaa sufu. Buti zisikubane.

Sasa nijibu. Nani anaendesha, na gari gani? Hao wenzako wamewahi kwenda mwaka huu, au wanakumbuka ya mwaka jana? Mtaimbo wanao? Mnalala huko? King'ora kipo? Shija naye anakwenda? Rama anashuka huko Ijumaa asubuhi. Nimpe misumari jozi moja au mbili? Na buti unavaa namba ngapi, nimpe na vyuma vya kufunga chini ya soli?

Wako,
Kulwa