Kamusi kwanza au hadithi kwanza

Mama Nuru mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga, sisi huku wazima, mvua inanyesha na kuacha. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa napanga madaftari nikaisikia nusu nusu, ya pili nikakaa chini kabisa, ya tatu nikamuwekea na baba Idi asikie. Kwa hiyo kabati la vitabu la shule limeshachongwa, wazazi wamechanga laki mbili, na sasa wewe na mwalimu mwenzio mnavutana, yeye anataka hela yote iende kwenye kamusi na atlasi manake hadithi mtoto anasoma mara moja imeisha, we unataka vitabu vya safari na hazina ili watoto wapende kusoma kwanza. Nimeona nisikujibu kwa voisi, hili jambo nimeliwaza miaka yote niliyokaa kwenye hiki kibanda changu cha vitabu na nikilisema haraka nitaliharibu.

Kwanza nikuambie wateja wangu wanafanyaje. Mtu akija kununua kamusi hasomi utangulizi, hasomi jalada, anaenda moja kwa moja kwenye neno lake moja ambalo analijua sana. Mwaka jana alikuja mzee mmoja wa Pangani, nahodha wa zamani, anataka kumnunulia mjukuu wake aliyeingia sekondari. Nikampa kamusi tatu. Akavaa miwani, akaishika ya kwanza, akalamba kidole, akafungua D, nikamuona kidole kinateremka taratibu mpaka kwenye demani. Akasoma. Akafunga. Ya pili hivo hivo. Ya tatu akasoma akatulia, akaniambia hii mwanangu ndo inajua, manake demani ni yale majira kusi, ule upepo wa kusini, inapoelekea kuisha, lakini demani pia ni neno la tanga, na zile mbili za kwanza zimeandika maana moja tu. Akalipa bila kuomba hata kupunguziwa. Mi nilibaki nimesimama pale, nikawaza huyu mzee hakununua kamusi ili ajue demani ni nini, anajua toka akiwa mtoto kwenye jahazi, alichokuwa anataka kujua ni kama walioandika hicho kitabu walikwenda kuuliza watu. Kama wameuliza kwenye neno analolijua yeye, basi na kwenye maneno asiyoyajua atawaamini.

Sasa sikia, mzee huyo huyo, mwezi mmoja baadae akarudi na kitabu cha hadithi alichonunua kwangu, kisa cha vijana wanatoroka na jahazi, jalada zuri, mimi mwenyewe nilikisifia. Akakiweka juu ya meza akasema chukua, huyu ananitoa Lamu ananipeleka Maskati mwezi wa kwanza tena kwa upepo wa nyuma! Mwezi wa kwanza ni kaskazi inavuma mama, upepo unatoka huko huko Uarabuni, ndo unaoleta majahazi huku kwetu, na kurudi ni mpaka kusi ishike. Nikajaribu kumwambia lakini mzee hii si hadithi tu. Akanijibu kwa upole kabisa, hazina ya dhahabu nilimkubalia, jini nilimkubalia, upepo sikubali. Nikamrudishia hela yake na sijutii.

Ndo maana nakwambia Mama Nuru, mnavutana bure, watu wanatafuta kitu kile kile kwenye vyote viwili. Msomaji wa hadithi ya safari yuko tayari kumezeshwa uongo mkubwa sana ili mradi vile vidogo viwe kweli, maji yajae na kupwa kwa wakati wake, njaa iume siku ya tatu, kamba ifungwe fundo linalofungika. Ukimdanganya kwenye vidogo ndo hapo anakuacha.

Na hili si la pwani yetu tu. We unakumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tulivyokuwa tunagombania ile nakala iliyobanduka jalada? Kuna pale wale wazungu wamebanwa, binti anataka kuchinjwa, yule Kapteni Good anatoa kitabu chake kidogo cha kalenda ya jua na mwezi anaona kuna kupatwa, wanawatisha watu kwamba wao ndo wataleta giza, na giza linakuja kweli. Yaani kwenye hadithi nzima yenye bunduki na almasi, kinachowaokoa ni kitabu cha rejea! Na uzuri wenyewe hasa ni huu, mwandishi wake Haggard alipokitoa mwaka 1885 aliandika ni jua lililopatwa, na giza akaliacha likae muda mrefu mno. Sasa jua haliwezi kupatwa ila siku zile mwezi uko gizani kabla haujaandama, na yeye kwenye siku zile zile alishaweka mwezi mpevu unawaka. Afu giza kamili la jua mahali pamoja halizidi dakika saba na nusu hivi. Basi matoleo ya baadae akabadilisha akaweka mwezi ndo uliopatwa. Mtu ambaye alishakubaliwa milima na mashimo ambayo hayapo duniani ilibidi arudi kurekebisha mwezi. Mtoto yeyote wa kwetu anayejua bamvua, yale maji makubwa ya bahari, inakuja mwezi ukiandama na ukifika kumi na nne kumi na tano angemkamata hapo hapo.

(Kile kitabu lakini kina dharau kwa watu weusi, hasa yule bibi mchawi Gagool alivyochorwa, kwa hiyo ukikiweka kabatini kisome nao, usiwaachie hivi hivi. Mi ningekiweka, ila ningekaa nao.)

Haggard mwenyewe alikiandika baada ya kubishana na mmoja wa ndugu zake kwamba hawezi kuandika kitu hata nusu ya Kisiwa chenye Hazina, ambacho Stevenson alikitoa 1883. Na Stevenson naye ana kisa chake, nikikisoma mpaka leo nasisimka. Hadithi ilianza kwa ramani. Mwaka 1881 yuko Scotland, mvua haikatiki, kuna mtoto wa mke wake wanachora naye picha kujipitishia siku, Stevenson akachora kisiwa, akakipa majina ya vilima na bandari, afu akakitazama akaanza kuwaona watu wanatembea mle ndani. Baadae akaituma ile ramani kwa wachapaji ikapotea! Ikabidi akae na kitabu chake mwenyewe, aanze mwanzo mpaka mwisho kuokota kila pahali alipotaja mwelekeo au umbali, ndo aichore upya ikubaliane na maneno. Amesema mwenyewe kwamba kuna hadithi yake nyingine mwezi ulimuumbua, na toka alipoonyeshwa kosa lake hakuandika tena bila kuwa na kalenda ya mwezi pembeni, na kwamba mwandishi lazima aijue nchi yake anayoisimulia kama kiganja chake, hata kama nchi yenyewe kaitunga. Wote wawili Mama Nuru, mwezi! Kila nikifikiria hili namuona yule mzee wa Pangani na miwani yake.

Na neno lenyewe, unajua takwimu zamani ilikuwa ndo kalenda? Kwa Kiarabu mpaka leo ni hivo, na kamusi za zamani za Kiswahili zimeliweka hivo hivo, sisi ndo tumelipeleka kwenye hesabu za serikali. Hili nililipata kwa kupekua tu, nilikuwa natafuta neno jingine kabisa.

Sasa kitu ambacho nataka umsomee mwalimu mwenzio kwa sauti. Hivi vitabu viwili, Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote vilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929, na aliyevitia kwenye Kiswahili ni mtu mmoja, Frederick Johnson. Mwaka unaofuata, 1930, ikaundwa ile kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na katibu wake wa kwanza akawa yeye. Mwaka 1935 ikatoka kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili. Akafariki 1937, na 1939 ikatoka ile kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ambayo babu zetu waliokuwa waalimu waliifunga kwa kitambaa kama msahafu. Kamati yenyewe baadae sana ndo ikazaa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na TUKI ndo waliotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 ambayo we na mimi tulifanyia mtihani. Kwa hiyo mkono ulioandika maana za maneno ni mkono ule ule uliomtia yule kijana Jim wa Kisiwa chenye Hazina ndani ya pipa la matufaha akawasikia maharamia wanapanga kuua. Sidhani kama ni bahati tu. Mtu aliyehangaika kutafuta neno la tanga na neno la nanga ili hadithi isimame kwa Kiswahili alishaanza kutengeneza kamusi kichwani.

Haya, tuje kwenye hela yako sasa. Usinunue kamusi moja moja za kila aina, nunua nakala nne za kamusi moja nzuri ili watoto wanne wafungue ukurasa mmoja kwa pamoja. Kabla hujalipa zifungue kurasa zote, nakuomba sana, mi niliwahi kuletewa mzigo zimechapwa vibaya, M imekatika katikati imerukia N, na niligundua mama mmoja alivyorudi mwanae kanuniwa darasani eti hajatafuta neno. Nilimpa nyingine lakini aibu ile ninayo. Angalia pia kama maana zinazunguka, yaani ukitafuta huzuni inakwambia majonzi, ukienda majonzi inakwambia huzuni, hiyo acha dukani. Na angalia mifano ya sentensi, mtoto haelewi neno mpaka aone linafanya kazi. Afu kipindi cha kwanza chote wafundishe kutafuta tu, manake mtoto wa darasa la nne ataenda kutafuta viatu kwenye V na atakwambia kamusi haina.

Atlasi moja inatosha, kubwa, iwe ya karibuni.

Inayobaki yote hadithi. Tafuta zenye ramani mwanzoni, utaona mwenyewe wanavyorudi kuitazama kila sura. Huyo mwalimu anayesema hadithi inasomwa mara moja hajakaa na watoto, hapa kwangu kuna kijana anakuja kila Jumamosi kusoma bure (namwacha tu), kitabu cha maharamia amekisoma mpaka uzi wa mgongo umelegea, na sasa hivi anajua upande gani wa kisiwa unaegesha merikebu. Huyo huyo akishachoka anachukua kamusi anasoma tu, kuanzia popote, wiki iliyopita alikuwa kwenye CH anacheka peke yake. Wakubwa nao wasikusumbue na mambo ya maana maana, mwaka mzima naulizwa Willy Gamba, yule mpelelezi wa hadithi za Elvis Musiba, mtu kitabu hakumbuki jina lakini anakumbuka barabara alizopita na nani alimfuata, kwa sababu Musiba alimpitisha kwenye miji ambayo ipo.

Mimi nitachangia. Nimekuwekea Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ile ya 2015, imetumika lakini nimeihesabu kurasa zote, na nakala yangu ya Kisiwa chenye Hazina. Ile unaijua, haina karatasi za mwisho. Tulipokuwa wadogo nilifika pale nikalia, babu akaniambia kaa, akanimalizia yeye kwa mdomo, na miaka mingi baadae niliposoma mwisho wenyewe nikakuta alinimalizia sawasawa isipokuwa yule haramia mzee Silver na kasuku wake aliwafikisha mpaka Zanzibar. Waachie watoto wafike pale ilipokatika, wamalizie wenyewe, ndo uwape nzima.

Na Mashimo ukiipata huko usiwaambie chochote kuhusu kupatwa. Wape kalenda ya ukutani yenye tarehe za mwezi, waache wasome ile sehemu, afu waulize nakala yao inasema ni jua au mwezi, na kama inawezekana. Niandikie wamesema nini.

Mzigo unaondoka na basi la Alhamisi asubuhi, namba ya konda nitakutumia usiku. Nibusie Nuru, na baba yake msalimie.

Wako,
Mama Idi