Tupeni nafasi ya kusoma leso Mtaa wa Biashara

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kupinda leso, yaani kushona kingo za khanga. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka moja Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, na nimekaa hapo tangu 1998. Naiomba serikali ya kaunti iufunge mtaa huu mchana, magari, tuktuk na bodaboda zisipite, kuanzia pale unapotokea Barabara ya Digo.

Leso hainunuliwi kama sukari. Mama huingia dukani, rangi ikimpendeza chini ya taa hutoka nayo nje aione juani, kwa sababu wekundu wa taa si wekundu wa jua. Akifika nje hushika pembe mbili, mwenzake akashika mbili, wakarudi nyuma hadi doti, yaani leso mbili ambazo hazijakatwa, ikunjuke yote wasome jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Jina ndilo linalouza. Mpelekee mkweo leso yenye kijembe uone kama hamtaitana kikao. Basi husoma mara mbili, humwita shoga yake naye asome, wakabishana, wakarudi ndani kubadilisha. Yote hayo hufanyika katikati ya barabara, maana pembeni pameegeshwa pikipiki na dukani hapatoshi.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, bibi mmoja wa Likoni alikuwa ameshika doti hivyo hivyo mbele ya baraza langu. Alikuwa anapeleka leso kwa wakwe wa mjukuu wake. Tuktuk ikapita kwa kasi, kioo chake cha pembeni kikanasa pindo. Bibi hakuwahi kuachia. Alivutwa hatua tatu, akaangukia goti, na leso ikapasuka kuanzia pindoni hadi mjini, katikati yake. Nilimkalisha kwenye kigoda changu, nikamletea maji. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa akimwomba radhi mwenye duka kwa ile leso, kana kwamba kosa ni lake kusimama sokoni.

Najua wenye maduka wengine wanahofu kwamba gari zikizuiwa wateja watahamia kwingine. Nawaheshimu, wengine wamenifadhili baraza miaka yote hii, lakini hapa sikubaliani nao. Jumamosi moja nilimuuliza kila aliyeniletea kazi amekuja na nini. Wenye gari walikuwa watatu tu. Wengine wote walivuka feri, au walishuka matatu Digo wakaingia kwa miguu. Tena tazameni kumi la mwisho la Ramadhani: watu hujaa hadi mtaa ukajifunga wenyewe, gari ikiingia haitoki, na hizo ndizo siku maduka yanauza kuliko mwaka mzima.

Wala si jambo geni kwetu pwani. Lamu, Usita wa Mui, mtaa mkuu wa mji wa kale, ni wa watu, punda na mikokoteni, na biashara iko. Nairobi nayo, mwaka 2019, Barabara ya Luthuli ilipunguziwa nafasi ya magari ili waendao kwa miguu wapate njia pana.

Mizigo isisahauliwe. Marobota huja kwa lori, na lori lishushe kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo mahamali wenye mikokoteni waruhusiwe, hao ndio miguu ya mtaa huu. Mgonjwa, mzee au mtu asiyeweza kutembea tuktuk imshushe mwanzo wa mtaa, kuwe na kituo maalumu, na mkokoteni wa kiti umwingize ndani. Gari la zimamoto lazima lipate njia saa zote. Maduka yetu yamejaa pamba tupu.

Ninalolihofia mimi ni jingine. Mtaa ukifungwa tu na kuachwa, baada ya wiki mbili meza zitajaa katikati na tutakuwa tumetoa tuktuk tukaweka ukuta. Wachuuzi ni wenzetu, wana watoto wa kulisha, wapewe mstari wao upande mmoja, uchorwe kwa rangi, na wasisukumwe kila asubuhi na askari wenye marungu. Katikati pabaki wazi, upana wa doti mbili zilizokunjuliwa. Na chonde chonde, wekeni choo na kivuli. Mama anayetoka Kisauni na mtoto mgongoni hana pa kumkalisha hapa isipokuwa ngazi za maduka.

Kama kaunti inasita, ianze na Ramadhani ijayo, mwezi mmoja tu, kisha ituulize sisi wa barazani na wenye maduka.

Bibi wa Likoni alirudi baada ya Idi na leso nyingine ya kupindwa. Alinipa huku amesimama ndani ya mlango wa duka, hakutaka kushuka ngazi.

Fundi wa leso,
Mtaa wa Biashara, Mombasa