Barua kwa mwanangu kuhusu maneno ya Kiingereza yaliyosahaulika

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi hapa Tanga hatujambo sote. Nimefurahi kusikia kwamba masomo yako yamekufikisha kwenye maneno ambayo Waingereza wenyewe wameyasahau, na hasa hilo apricity, yaani joto la jua siku ya baridi kali, ambalo unasema umelitia katika insha yako. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Neno hilo limo katika kamusi ya Henry Cockeram ya mwaka 1623. Watunga kamusi wa zama zile walikuwa na desturi ya kulichukua neno la Kilatini, kuligeuza mwisho wake na kuliorodhesha kuwa la Kiingereza, hata kama hakuna aliyelitamka sokoni wala kanisani. Na ushahidi wa kutumika kwa apricity nje ya kamusi ni haba mno. Ni neno zuri, nami nalipenda, lakini kulieneza leo ni karibu sawa na kulizaa upya.

Overmorrow, yaani keshokutwa, ni habari nyingine kabisa. Myles Coverdale alilitumia katika tafsiri yake ya Biblia ya mwaka 1535, kwenye kitabu cha Tobiti, pale Tobia anapomwamsha mkewe Sara wamwombe Mungu leo, kesho na keshokutwa. Kiingereza kilikuwa na neno moja kwa siku hiyo, kikaliacha, na sasa kinahitaji manne, ilhali Wajerumani bado wanalo la kwao. Ukiniuliza, hili ndilo linalostahili kufufuliwa, kwa sababu pengo lililoachwa linaonekana kila siku.

Utatofautishaje neno lililotumika kweli na lile la kamusini tu? Fuata njia ya James Murray, aliyeanza kuihariri kamusi kubwa ya Oxford mwaka 1879. Aliwaomba wasomaji wa kujitolea wapekue vitabu na kumpelekea vikaratasi: neno pembeni juu, kisha mwaka, mwandishi, jina la kitabu na ukurasa, na chini yake sentensi nzima kama ilivyochapishwa. Vilikusanyika mamilioni, vikapangwa kwa alfabeti katika visanduku vya ukutani, ndani ya kibanda cha mabati kilichojengwa bustanini kwake. Murray alifariki mwaka 1915, na kamusi ikakamilika mwaka 1928. Hata uangalifu huo haukuzuia vikaratasi vya bondmaid, yaani mjakazi, kupotea, neno hilo likakosekana katika toleo la kwanza hadi lilipoingizwa kwenye nyongeza ya mwaka 1933. Na neno lililokufa halikufutwa, bali liliwekewa alama ya msalaba mdogo na kuachwa mahali pake pamoja na sentensi zake, na ndiyo maana leo wewe unaweza kulipata.

Kwa hiyo, mwanangu, usiyachote maneno haya kwenye orodha zinazosambazwa bila mwaka wala mwandishi. Kila unalolipenda, litafutie sentensi mbili za watu wawili tofauti kabla hujalitia katika insha. Likikosa, sema wazi kwamba ni neno la kamusini tu. Hilo apricity, lieleze hivyo kwa mwalimu wako.

Niandikie kikaratasi cha overmorrow kwa mtindo wa Murray, unitumie. Mimi nitakuandikia cha mtondo, siku inayofuata keshokutwa, na cha mtondogoo, siku inayofuata mtondo, kwa kuwa wazee wa mtaani kwetu wangali wakiyatumia, na wadogo zako wameanza kuniuliza ni siku gani hizo.

Mama yako akupendaye