Watalii wa mabegi nao ni watalii

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo mana nimechoka na haya maneno ya barazani, kwamba ati Zanzibar sasa tunataka watalii wenye hela tu, hawa wa mabegi mgongoni hawana faida, wanalala guesti za bei chee, wanakula urojo, wanakwenda shamba kwa daladala alafu wanaondoka zao hawajaacha kitu. Mimi nina duka Mkunazini, hapa hapa Mji Mkongwe, na hela za hawa watu naziona zinapita wapi.

Juzi juzi guesti ya jirani yangu ilipata wageni wawili, mke na mume, vijana tu kutoka Poland, wamevuka na boti ya Dar na mabegi makubwa kuliko wao. Wakakaa zaidi ya wiki mbili. Sasa tuanze na hesabu kabla hawajanunua hata chupa ya maji: viza dola 50 kila mtu, na ile bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 dola 44 kila mtu, jumla kwa wawili dola 188. Hiyo ni laki nne na ushee imeshaingia na bado hawajaonja hata kashata. Huyo ndo tunamwita fukara?

Alafu asubuhi. Guesti haina mgahawa, kwa hiyo wanatoka nje kama sisi, mkate wa boflo na maharage ya nazi kwa bibi wa uchochoroni, siku nyengine vitumbua, chai ya maziwa. Huyu bibi hajui Kizungu hata neno, lakini alikuwa akiwaona tu anavuta kibao, "karibuni wanangu, kaeni", na wale wanakaa. Jioni urojo, na hapa niseme kidogo mana yule mwanamke alikuwa na vituko. Siku ya kwanza kaletewa bakuli, bhajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo juu, chatini, akaangalia weee, akauliza hii ni supu au ni chakula. Muuzaji akamjibu kula kwanza. Siku ya tatu anaagiza mwenyewe, pilipili nyingi, muhogo uzidishwe, na anagomba akiona embe mbichi imepunguzwa.

Mkanda wa begi ulikatika, ukashonwa na fundi viatu. Nguo walimpa dada mmoja wa mtaani akawafulia. Kanga mbili zimenunuliwa Darajani, sio zile za kwenye maduka ya watalii Shangani. Kwangu mimi maji, vocha, sabuni, dawa ya mbu, biskuti. Kahawa kwenye baraza ya Jaws Corner kila usiku, yule mume akawa shabiki wa mpira na wazee, wanabishana naye kwa mikono. Hizo hela ndogo ndogo, sawa, lakini kila moja imeingia mkononi mwa mtu wa mtaa, siku hiyo hiyo imekwenda kununua unga.

Sasa nenda kaangalie wenzao. Poland hiyo hiyo inaleta ndege nzima nzima za watalii moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege wetu, wanapandishwa basi, wanapelekwa hoteli ya pwani ambayo kila kitu wamelipia kwao huko, chakula, bia, mpaka mwavuli wa ufukweni. Mji Mkongwe wanaletwa nusu siku, wanafuata bendera ya muongoza watalii, wanatazama kanisa la Mkunazini lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, wanapiga picha lile jumba la kale la Beit al Ajaib kwa nje tu, mana sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, wananunua sumaku ya friji basi, hao kwenye basi. Sisemi wasije. Vijana wetu wameajiriwa kwenye hizo hoteli na kodi inalipwa. Lakini muulize yule bibi wa boflo kama amewahi kumuuzia mmoja wao.

Mwaka 2024 wageni walipita laki saba, tukashangilia, na visiwa vidogo navyo vinakodishwa kwa wawekezaji wajenge hoteli za kifahari. Haya, tajiri akilala kisiwani peke yake na kupelekwa kwa boti ya hoteli, nahodha wa hapa Forodhani anapata nini? Wale wangu wawili walikwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, wale ambao wazee wao waliletwa kutoka Seychelles 1919, wakachangia mashua na Waspania wawili, wakamlipa nahodha mkononi, hakuna wakala hapo kati wa kukata chake.

Simaanishi wao ni malaika. Yule mume siku za mwanzo alikuwa anapita vichochoroni kifua wazi, mbele ya msikiti, mpaka mzee mmoja akamwita akampa somo kwa upole, na kweli kesho yake shati. Na kubishana bei jamani! Nanasi moja wamesimama nalo mpaka muuzaji kachoka kawapa. Hilo la mavazi mimi naona wenye guesti wangekuwa wanawaambia siku wanapopokea funguo, sio kusubiri mtu agombe njiani.

Lakini kinachoniuma zaidi ni tunavyowafanya sisi. Wametaka kwenda Jambiani, kule pwani, wamesikia kuna daladala namba 309. Papasi mmoja, hawa vijana wanaowinda wageni mitaani, akawashikilia pale njiani, "jambo rafiki, hiyo 309 haipo tena, imefutwa, teksi dola 50". Gari ipo, inakwenda kila siku na watu na magunia juu! Wakarudi dukani kwangu wamechanganyikiwa, nikampa mwanangu kazi ya kuwapeleka mpaka stendi, na huko nako utingo akataka nauli mara mbili, eti moja ya mtu moja ya begi. Abiria mama mmoja ndo aliyewatetea, akasema begi atalipakata yeye. Na bandarini Malindi ndo usiseme, mtu anashuka kwenye boti ana kichefuchefu cha bahari, anavutwa mkono na watu watano, kila mmoja anasema guesti yako imefungwa twende kwa yangu. Wengi wa hawa vijana hawana kazi, hilo nalielewa, wengine nimewaona wakikua. Ila mgeni akidanganywa siku ya kwanza anakuwa na wasiwasi na kila mtu, hata bibi wa vitumbua anamuona mwizi, anajifungia chumbani au anakimbilia pwani siku ya pili, na hasara inakuwa ya mtaa mzima.

Kwa hiyo wahusika wa utalii na manispaa kama mnasoma, ombi langu ni dogo na wala halihitaji mwekezaji. Wekeni kibao kikubwa pale Malindi mtu anapotokea, kiandikwe bei ya teksi ya mjini, bei ya mpaka Nungwi, bei ya mpaka Jambiani, na namba za daladala na stendi zilipo. Papasi wenye vitambulisho vya kuongoza wageni wavae vitambulisho vyao, asiye nacho asiguse begi la mtu. Na hizo ada za leseni muangalie guesti ya vyumba sita msiibane kama hoteli ya vyumba mia mbili, mana zikifungwa hizi watalii wa mabegi hawatahamia hoteli kubwa, watakwenda Lamu.

Mwenye duka, Mkunazini
Mji Mkongwe, Unguja